Mize na Kitanda cha Mahameni

Paukwa!

Pakawa!

Nina ngano mkononi!

Isage tule!

Haina sukari hata chembe!

Tutaila hivyo hivyo!

Basi sogeeni, na aliyesinzia mwamsheni, maana hii si hadithi ya kubembelezea mtoto.

Hapo zamani za kale, kabla bibi za bibi zetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji kikiitwa Ukilini. Watu wake walikuwa wasuka mikeka. Wanaume walikata ukindu, wanawake wakauchemsha, wakautia rangi, wakausuka. Mikeka ya Ukilini ilitandikwa katika miji ambayo wasukaji wenyewe hawakuwahi kuiona.

Katika kijiji hicho alikaa mwanamke mmoja, jina lake Mize. Mumewe aliitwa Vuai, mkata ukindu, mtu wa maneno machache. Mize alisifika kwa usafi. Alifagia uwanja asubuhi, akafagia adhuhuri, akafagia jioni. Msichana akikaribia kuolewa, mama yake humwambia, "Nenda kwa Mize ukaone nyumba inavyowekwa." Mize aliyasikia hayo, akajifanya hakuyasikia, na moyoni yakamkaa kama asali.

Mimba yake ya kwanza ikafika miezi minane. Akawa na wasiwasi mmoja tu: hakuwa na kitanda. Yeye na Vuai walilala chini, juu ya mkeka. Akajisemea, "Nikijifungua, wanawake wote watakuja kumtazama mtoto. Watanikuta chini? Mimi, Mize?"

Siku moja akafuatana na mumewe kukata ukindu. Mbele ya msitu wa ukindu palikuwa na mahame, kijiji kilichohamwa zamani, watu wake hawajulikani walikokwenda. Vuai alikuwa akikata, na Mize akatembea kuchungulia. Nyumba zote zilikuwa zimeanguka, ila moja. Akaingia. Akakiona kitanda.

Kitanda, jamani! Matendegu yamechongwa kama shingo za bata, mifumbati, ile miti ya ubavuni, imepakwa rangi nyekundu, kamba zimewambwa zikakaza kama ngozi ya ngoma. Hakuna aliyekilalia tangu wenyeji wahame, na hakikuoza.

Ukutani alikuwapo mjusi, mnene, tumbo limemning'inia. Mjusi akamwita:

"Mize, Mize, waliokilalia wako wapi?"

"Wamehama," Mize akajibu.

"Mize, Mize, wamehama na vyungu vyao, na milango yao, na mawe yao ya kusagia. Mbona kitanda wamekiacha?"

"Kizito."

"Mize, Mize, nitazame mimi nilivyonenepa. Nala mchana, nala usiku, na bado sijawamaliza. Unadhani nakula nini?"

Mize akampungia mkono, akasema, "Toka hapo, mjusi we." Akatoka nje kumwita mumewe waje wakibebe.

Basi kitanda kikaingia nyumbani. Mize akakifuta kwa kitambaa, akakitandika shuka nyeupe, akatia asumini. Usiku wakalala. Alfajiri akaamka anajikuna. Akatazama mkono wake, akaona vivimbe vitatu, vimepangana mstari mmoja. Akatazama mguu, vitatu vingine. Na kwenye shuka nyeupe palikuwa na vitone vyeusi, vidogo kama chembe za ulezi.

Vuai alikwisha kutoka. Mize akainama, akaifunua kamba pale inapozunguka mfumbati. Mle ndani wamejipanga, wekundu wakubwa na weupe wadogo, kunguni juu ya kunguni, wanapumua. Na katikati yao alikaa Mama Kunguni mwenyewe, bapa na wa kahawia, mkubwa kama kokwa ya ukwaju.

Mize akachukua kijinga cha moto jikoni. Mama Kunguni hakukimbia. Akaimba kwa sauti nyembamba:

"Mize, Mize, mwana wa kufagia,
wakijua wenzio watakukimbia;
funga mdomo, nasi tutakutulia,
tone la damu ndilo tunajilia."

Mize akasimama na kijinga chake. Mama Kunguni akasema, "Choma, mwanangu. Utakitoa kitanda uwanjani mchana kweupe, ukichome, na kila apitaye atauliza kwa nini. Utamjibu nini? Au nyamaza tu. Tukubaliane. Hatutakuuma usoni wala mikononi. Tutauma panapofunikwa na nguo. Nani atajua?"

Mize akafikiri. Akakirudisha kijinga jikoni.

Mumewe alipouliza, "Mbona najikuna?" akamwambia, "Upele wa ukindu huo. Oga kwa maji ya chumvi." Vuai akaoga kwa maji ya chumvi.

Mwezi ukapita, uchungu ukamshika. Akaitwa mkunga, Bi Kazija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Huyu Bi Kazija alikuwa mjane asiye na mtoto, na mikeka yake ilikuwa mizuri kuliko yote ya Ukilini. Akampokea mtoto, msichana, wakamwita Riziki. Kisha siku baada ya siku akaja kumkanda mzazi kwa maji ya moto.

Siku ya kwanza ya kumkanda, alipomfunua kanga mgongoni, mikono ya Bi Kazija ikasita.

"Mwanangu, hivi ni vitu gani?"

"Joto, bibi."

"Joto halipigi mstari."

Mize akageuza uso ukutani. Bi Kazija akangoja. Kisha akachovya kitambaa katika maji, akaendelea kumkanda, tena polepole zaidi.

Mtoto akawa analia. Analia usiku, analia mchana. Mize akamtazama shingoni, akaona vivimbe, vitatu vitatu. Basi asubuhi moja akabandika chungu cha maji, yakachemka, akaja nacho mpaka kitandani.

"Mlisema mtauma panapofunikwa na nguo! Shingo ya mwanangu imefunikwa na nini?"

Mama Kunguni akatoka kwenye tundu la tendegu, amenenepa. Akaimba:

"Mize, Mize, mwana wa kufagia,
wakijua wenzio watakukimbia;
funga mdomo, nasi tutakutulia,
tone la damu ndilo tunajilia."

Akasema, "Kosa si letu. Tumezaana, kitanda hakitutoshi. Ukimwaga maji hayo utaua kumi, na elfu tuko ukutani, na wewe utakuwa na kitanda kilicholowa, na wageni wako njiani kuja kumwona mtoto. Tuhamishe. Tutie saba tu katika pindo la kanga, utupeleke kwingine. Nafasi ikipatikana, mtoto tutamwacha."

"Niwapeleke wapi?"

"Karibu. Hatuwezi safari ndefu."

Mize akatazama ukuta. Ng'ambo ya ukuta ule alikuwa Bi Kazija, anasuka, anajiimbia.

Akamwaga maji yale uwanjani. Akakunja pindo la kanga.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Umetoka na upepo huu? Mtoto hajambo?"

"Hajambo, bibi. Nimekuja kukushukuru."

Bi Kazija akafurahi. Akamkalisha kitandani pake, akamtilia uji wa pilipili manga, akainuka kumtafutia kata ya kunywea. Alipogeuka mgongo, Mize akalikung'uta pindo. Saba wakaanguka, wakaingia kwenye kamba. Bi Kazija akarudi, akampa uji, na Mize akaunywa wote.

Jamani, mnadhani mtoto alipona? Waliotoka walikuwa saba. Waliobaki hawakuhesabika. Riziki akazidi kulia, kisha akapunguza kulia, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Kwa Bi Kazija nako wakazaana. Mikeka yake ilikaa imekunjwa karibu na kitanda, ikingoja wanunuzi, na kunguni wakajificha humo. Aliyenunua mkeka alinunua na kunguni wake. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, nyumba ya tatu. Ukilini nzima ikaanza kujikuna, kila mtu kwa siri, kila mtu akijidhani yuko peke yake. Wanunuzi wa miji ya mbali wakairudisha mikeka. Wakasema, "Ukilini mnauza wadudu."

Hapo ndipo mkubwa wa kijiji, Mzee Faki, alipowakusanya watu. Wakaufunua mkeka mmoja uliorudishwa, wakamwona kunguni. Wakaufunua wa pili, wapo. Wa tatu, wapo. Yote mitatu ilikuwa kazi ya mikono ya Bi Kazija.

Mzee Faki akasema, "Tusimdhulumu mtu. Hapa yupo jirani yake, tena mwanamke msafi kuliko wote. Mize! Kwako kuna kunguni?"

"Hakuna, Mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hujaona dalili yoyote?"

Bi Kazija alikuwa amesimama katikati ya watu, mikono ameifumbata kifuani. Akamtazama Mize. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalizie sentensi.

"Sijaona," akasema Mize.

Basi wakaingia kwa Bi Kazija, wakaitoa mikeka yote, iliyokwisha na isiyokwisha, wakaitia moto. Vuai alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyeshika kijinga. Kisha moto ukapanda kwenye paa, upepo ukiuvuta mbali na nyumba ya Mize, na hakuna aliyekwenda kisimani. Bi Kazija akaambiwa atoke Ukilini kabla jua halijatua. Akatoka na kanga aliyoivaa na kisu chake cha kuchania ukindu. Akaelekea mahameni, maana hakuna kijiji kingine ambacho kingempokea.

Usiku ule Ukilini wakalala. Alfajiri wakaamka wanajikuna.

Siku zikaenda. Riziki hakulia tena hata kidogo. Mize alipoifunua kope ya mtoto, ndani palikuwa peupe kama tui. Alipompa ziwa, alinyonya mara mbili, akaliachia.

Mama Kunguni akatoka mwenyewe bila kuitwa, sasa ni mkubwa kama ukucha wa kidole gumba, tumbo jeusi. Akaimba kwa mara ya tatu, na sasa wote walioko ukutani wakamwitikia:

"Mize, Mize, mwana wa kufagia,
wakijua wenzio watakukimbia;
funga mdomo, nasi tutakutulia,
tone la damu ndilo tunajilia."

"Neno la mwisho," akasema. "Wewe na mumeo laleni chini. Mtoto mlaze kitandani, peke yake. Hatutakugusa tena maisha yako. Mwili wako utakuwa safi, nyumba yako itasifiwa, na siri yako itakwenda na huyu. Yeye mwenyewe amebaki kidogo tu."

Mize akamtazama Mama Kunguni. Akaitazama shuka nyeupe, iliyofuliwa jana. Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka mbio, hakufunga mlango.

Akafika mahameni jua likiwa juu. Katika nyumba ile ile alimokitoa kitanda, akamkuta Bi Kazija amelala kwenye udongo mtupu, homa imemshika, midomo imepasuka. Mize akapiga magoti.

"Bibi, ni mimi. Kunguni walikuwa wangu. Mimi ndiye niliyekuletea, katika pindo la kanga, siku uliyonipa uji."

"Najua," akasema Bi Kazija.

"Unajua tangu lini?"

"Kwamba unao, tangu siku ya kukukanda. Kwamba umeniletea, tangu siku ya pili baada ya uji ule. Niliwaona kwenye kamba, nikayaona na macho yako yanavyonikimbia."

"Mbona hukusema mbele ya Mzee Faki?"

"Ningesema nini? Wangekuchomea nyumba, wakufukuze na mtoto mchanga. Nilikuwa nakungoja wewe useme. Nilidhani utasema." Akafumba macho. "Mlete huyo mtoto nimwone."

Akamgusa Riziki kope, akamgusa nyayo. Akasema, "Bado yupo. Mtoe katika nyumba ile leo hii. Mlaze kwenye kapu jipya, ulitundike, lisiguse ukuta. Sasa nisikilize. Usichemshe peke yako. Nyumba moja ikichemsha, wanahamia ya pili; ya pili ikichemsha, wanarudi ya kwanza. Nyumba zote, siku moja. Vitanda vyote nje juani. Maji yanayotokota kwenye kila tundu na kila kiungo. Kamba zote zichomwe. Nyufa za kuta zizibwe kwa udongo. Halafu mrudie siku ya saba, na mrudie tena siku ya kumi na nne, maana mayai yao hayafi kwa mara moja. Na hakuna atakayechemsha kama hujasema kwanza. Kila mmoja anamwona mwenzake msafi, basi kila mmoja anaficha."

"Twende wote, bibi. Nitakubeba."

"Sirudi kwa kificho. Niliondolewa mbele ya watu. Walioniondoa ndio watakaokuja kunichukua."

Mize akarudi, akamlaza Riziki kwenye kapu jipya, akalitundika mtini karibu na kisima. Wanawake wote walikuwa kisimani. Akasimama mbele yao, akaivua kanga ya juu, akawageuzia mgongo. Tangu shingoni mpaka kiunoni hapakuwa na mahali pa kuweka kidole.

"Kunguni wa Ukilini ni wangu," akasema. "Nilikitoa kitanda mahameni. Nikanyamaza. Nikampelekea Bi Kazija kwa mkono wangu. Mkaniuliza mara tatu, nikakana mara tatu."

Kata ya mtu ikaanguka kisimani. Mwanamke mmoja akamtemea mate. Mwingine akainua mkono kumpiga, kisha mkono ule ukashuka, akalishika pindo la kanga yake, akalipandisha kidogo. Miguu yake ilikuwa na mistari. "Kwangu pia," akasema. Na mwingine, "Kwangu pia." Na mwingine.

Habari zikamfikia Vuai. Akaja akasimama mbele ya mkewe, mikono imemning'inia.

"Mimi nilitia moto kwa mkono huu," akasema. "Kwa mkono huu, Mize."

Mize akamwendea Mzee Faki. "Twende tukamchukue Bi Kazija. Sasa hivi."

Mzee Faki akainamisha kichwa. "Tukimleta leo tutamlaza wapi? Nyumba yake tumeichoma. Zetu zimejaa wadudu. Tusafishe kwanza, tumchongee kitanda kipya, ndipo tumwendee kwa heshima."

Lilikuwa neno zuri masikioni. Lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kumtazama usoni.

Kesho yake Ukilini nzima ikawasha moto. Vitanda vikatoka uwanjani, vikapigwa chini, pa, pa, pa, na kunguni wakamwagika kama ulezi gunia linapopasuka. Maji yakatokota, wakamwaga. Kamba zikachomwa, zikanuka kama damu inayoungua. Mize akakitoa kitanda chekundu mwenyewe. Mama Kunguni akajitokeza kwenye tendegu, akafungua mdomo aimbe. Mize akammiminia chungu kizima, na maji mengine yakamrukia miguuni, naye hakurudi nyuma. Kisha kitanda kizima akakitia motoni.

Siku ya saba wakarudia. Siku ya kumi na nne wakarudia.

Katika siku hizo zote Mize alikwenda mahameni kila asubuhi na uji. Siku za mwanzo Bi Kazija alikunywa kata nzima. Baadaye akanywa nusu. Baadaye akailowesha midomo tu, na swali lake lilikuwa moja: "Wanakuja?"

"Wanakuja, bibi. Wanakuchongea kitanda."

Siku ya kumi na tano wakaenda wote, wanaume kwa wanawake, wamebeba kitanda kipya, kamba zake zinanukia ukindu mbichi. Mzee Faki alikuwa mbele, maneno ya kuomba radhi ameyapanga kichwani. Wakabisha hodi mara ya kwanza. Wakabisha mara ya pili. Wakabisha mara ya tatu, na Mize akaingia.

Bi Kazija alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza mlangoni. Mwili ulikwisha kupoa.

Wakamlaza juu ya kitanda kile walichomletea, wakambeba nacho mpaka Ukilini, wakimpitisha mbele ya kila nyumba, kisha wakampeleka kaburini.

Riziki aliishi. Alikua, akasuka, akaolewa, shingoni ana alama mpaka uzeeni. Vuai hakumwacha mkewe, lakini mwaka mzima hakula kilichopikwa kwa mkono wake. Na mabinti hawakupelekwa tena kwa Mize. Watu walimwamkia, wakampa nafasi kisimani, basi.

Ila desturi moja ilibaki Ukilini. Mtu akimwona kunguni mmoja, mmoja tu, hutoka uwanjani akapiga ukelele, "Kwangu wapo!" Na kila nyumba hujibu, "Maji motoni!" Aliyekuwa wa kwanza kupiga ukelele ule, mara zote, alikuwa Mize. Alipiga hata siku ambazo hakuwa amemwona, alikuwa ameota tu, na watu walichemsha vivyo hivyo.

Basi mafundisho yake ni haya: kunguni hanyonyi damu tu, ananyonya na haya ya mtu, na ukimfichia leo, kesho atakula kwa jirani yako kwa jina lako. Ukiwa naye sema, tena sema mapema, kwa kuwa wapo wanaokungoja useme, na si wote watakaoweza kungoja.

Hadithi imetua hapo nami nimeshuka. Ikiwa imekufaa, ibebe uende nayo kwako; ikiwa imekuchoma, niachie mimi niliyeiwasha. Na wewe huko nyuma, unayejikuna tangu nilipoanza ukidhani sikuoni, kunywa chai yako kwa amani, lakini kitandani kwangu leo hukai.